Jedwali la Pamoja: Jinsi ya Kuongeza, Kupanga na Kulinda Mistari ya Orodha ya Kikundi

Mkazi wa Shella anaweza kuwa kwenye orodha nne au tano bila kuzihesabu. Yumo kwenye rejista ya wavuvi ya BMU, yumo kwenye chama, jina la mwanawe liko kwenye orodha ya waombaji wa basari ya wadi, na kukitokea msiba mtaani mchango wake huandikwa kwenye orodha ya matanga. Kila mojawapo ya orodha hizo ni jedwali, hata ikiwa imechorwa kwa kalamu na rula kwenye kaunta buku. Na kwenye kila jedwali, mtu ni mstari mmoja tu. Mstari huo ukipotea, ukisogea au ukichanganyika na wa jirani, mwenye jina ndiye anayekosa mgao, karo au kura yake kwenye uchaguzi wa kikundi, na aghalabu hajui hadi siku ya kusomwa majina.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutunza orodha ya namna hiyo kwenye programu ya hati za pamoja, yaani hati moja inayokaa kwenye mtandao na kufunguliwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja, kila mmoja akitumia simu au tarakilishi yake. Mifano imetolewa kwenye Google Docs na Google Sheets kwa sababu ni za bure na simu nyingi za Android tayari zina akaunti inayohitajika. Anayetumia Word au Excel ya mtandaoni ya Microsoft atakuta kazi ni ileile, ingawa vitufe vimepangwa tofauti. Kwa kuwa simu moja huwekwa kwa Kiingereza na nyingine kwa Kiswahili, vitufe hapa vinatajwa kwa kazi zake.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Mstari ni ule unaolala kutoka kushoto hadi kulia, wenye habari zote za mtu mmoja au jambo moja. Safu ni ile inayosimama kutoka juu hadi chini: safu ya majina, safu ya simu, safu ya tarehe. Programu zilizotafsiriwa husema "safu mlalo" na "safu wima", na hilo limewachanganya watu wasiokuwa na hatia. Panapokutana mstari na safu ni kisanduku. Daftari, jedwali na mstari ni maneno yenye asili ya Kiarabu yaliyozoeleka pwani hii kabla ya mtu yeyote kuota tarakilishi, kwa hiyo lililo geni hapa ni chombo tu.

Orodha ya WhatsApp na kasoro yake

Kila mtu anaijua. Katibu anaandika "Mchango wa matanga" kisha nambari moja, jina na Sh500. Anayefuata ananakili ujumbe wote, anaongeza jina lake kwenye nambari mbili, anautuma tena. Mambo huenda vizuri mpaka watu wawili wanakili kwa dakika moja. Mmoja anajiandika nambari tisa, na mwingine pia anajiandika nambari tisa. Wa tatu ananakili ujumbe wa mwisho aliouona, na kuanzia hapo mmoja wa wale wawili hayumo tena. Hakuna aliyemfuta. Fedha zake zimefika, jina halipo, na siku ya kusoma hesabu atasimama kuuliza mbele ya watu.

Hati ya pamoja inaondoa kasoro hiyo kwa sababu hakuna nakala zinazozunguka. Hati ni moja, iko mahali pamoja, na kinachotumwa kwenye kundi ni kiungo cha kuifungua. Watu wawili wakiongeza mistari kwa wakati mmoja, programu huiweka yote miwili. Teknolojia hii si ya jana. Google iliinunua programu ya Writely mwaka 2006 na kuijenga iwe Google Docs. Kilichobadilika ni kwamba sasa simu ya kawaida na bando dogo la data vinatosha.

Docs au Sheets?

Docs ni hati ya maandishi ambayo ndani yake unaweza kuweka jedwali. Inafaa kumbukumbu za mkutano, orodha ya waliohudhuria, ratiba ya zamu za usafi wa ufuo, na orodha yoyote fupi ambayo itachapishwa na kubandikwa ukutani. Jedwali la Docs halijumlishi fedha. Ukitaka jumla, utaipiga kwenye kikokotoo na kuiandika mwenyewe.

Sheets yote ni jedwali kuanzia mwanzo. Inajumlisha, inachuja na kupanga, na inabeba maelfu ya mistari bila kulalamika. Orodha yenye fedha, au yenye zaidi ya watu hamsini hivi, iende Sheets. Vikundi vingine huanza na Docs kwa sababu inafanana na karatasi, kisha hesabu zinapokua hujikuta vinaandika kila kitu upya. Ni afadhali kuchagua vizuri siku ya kwanza.

Kuongeza mstari

Kwenye Docs, kwa tarakilishi, njia ya haraka ni kuweka kishale kwenye kisanduku cha mwisho kabisa cha jedwali na kubonyeza kitufe cha Tab. Mstari mpya hutokea chini. Ukitaka mstari katikati, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya ndani ya mstari ulio karibu, na menyu itakupa nafasi ya kuingiza mstari juu yake au chini yake. Kuuhamisha, peleka kishale pembeni kushoto mwa mstari hadi vitokee vidoto vidogo sita, uvishike na kuuburuta hadi mahali pake. Mstari wote huenda pamoja na habari zake.

Kwa simu, unagusa kwanza alama ya kalamu ili kuruhusiwa kuandika, kisha unagusa kisanduku na kutafuta vitufe vya jedwali. Inawezekana, lakini kidole kikubwa na skrini ndogo hukosana. Kwa kazi ya kuingiza majina mengi kwa mkupuo, nusu saa kwenye saiba huokoa jioni nzima ya kubonyeza simu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mahali pa mstari si pa kudumu. Katibu akimpigia simu mweka hazina na kumwambia "rekebisha mstari wa 14", na wakati huohuo mwanachama mwingine ameongeza jina juu, ule uliokuwa wa 14 sasa ni wa 15. Mweka hazina atarekebisha mtu asiye yeye. Ndiyo maana kila orodha inahitaji safu ya kwanza yenye nambari ya mwanachama: nambari anayopewa mtu anapojiunga, inayobaki yake hata akihamishwa juu au chini, na isiyopewa mtu mwingine hata akiondoka.

Majina hayatoshi

Nambari hiyo ina sababu nyingine inayowahusu hasa wakazi wa pwani. Kwa Wagiriama na Wamijikenda wengine, ni desturi mtoto wa kwanza wa kiume kupewa jina la babu mzaa baba, kisha likafuatwa na jina la baba. Kwa hiyo Kazungu Charo anamzaa Charo Kazungu, naye Charo Kazungu anamzaa Kazungu Charo. Babu na mjukuu wanaweza kuwa dikoni asubuhi moja, wote wavuvi, wote wanachama, wenye jina moja herufi kwa herufi. Kwa familia za Waswahili wa mjini ni hivyohivyo kwa akina Mohamed Ali na Ali Mohamed. Mwenyekiti anawajua kwa sura. Jedwali halina macho.

Matokeo huwa ya aina mbili. Katibu mwenye bidii anaona majina mawili yanayofanana, anadhani ni kosa la kurudia, anafuta moja. Au mweka hazina anatafuta jina, programu inampeleka kwa la kwanza, na malipo ya mjukuu yanaandikwa kwa babu. Nambari ya mwanachama huzuia yote mawili. Nambari ya kitambulisho husaidia pia kuthibitisha kama watu ni wawili au mmoja, ila hiyo ina masharti yake, yatakayoelezwa mbele.

Nambari za simu nazo zina mtego wao kwenye Sheets. Ukiandika nambari inayoanza na sufuri, programu hudhani ni hesabu na kuiondoa sufuri, kwa maana katika hesabu sufuri ya mbele haina kazi. Nambari iliyoanza na 07 au 01 inabaki na tarakimu tisa. Tiba ni kuichagua safu nzima ya simu kabla ya kuanza na kuipa umbo la maandishi matupu, au kutanguliza alama ya king'ong'o (') mbele ya nambari. Nambari iliyoharibika si aibu ya maandishi tu. Orodha hiyohiyo ndiyo inayotumiwa kutuma gawio kwa M-Pesa, na anayekisia tarakimu iliyopotea anaweza kumtumia mtu asiyemjua.

Mstari mmoja, jambo moja

Makosa mengi ya jedwali huanza siku ya kulichora. Mwandishi anaweka habari mbili kwenye kisanduku kimoja, au anatumia rangi badala ya maneno. Kupaka mistari kijani kwa waliolipa na nyekundu kwa wenye deni hupendeza kwenye skrini. Ukichapisha kwa mashine ya rangi nyeusi, wote wanafanana. Weka safu yenye neno "amelipa" au "bado".

Chukua mfano wa BMU. Chini ya Kanuni za Usimamizi wa Fuo za mwaka 2007, na baadaye Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016, vitengo hivi vina wajibu wa kutunza rejista na kushiriki katika ukusanyaji wa takwimu za samaki wanaoletwa dikoni. Mashua imerudi na kilo sita za changu na kilo nne za tafi. Mwandishi akiandika "changu 6 tafi 4" kwenye kisanduku kimoja, anayesoma ataelewa lakini programu haitaelewa, na mwisho wa mwezi hakuna atakayejua changu walikuwa kilo ngapi. Inatakiwa iwe mistari miwili: tarehe ileile, chombo kilekile, aina tofauti, kilo zake, bei yake. Inaonekana ni kurudiarudia. Lakini ndiyo inayowezesha kikundi kulinganisha msimu wa kusi, bahari inapochafuka na vyombo vidogo kubaki ufuoni, na msimu wa kaskazi. Kikundi chenye takwimu hizo kina la kusema wakati wa kuzungumza na mnunuzi, benki au mradi.

Kwa chama ni hivyohivyo. Wengi huchora jedwali lenye mwanachama mmoja kila mstari na mwezi mmoja kila safu, kisha hujaza visanduku. Linatosha ikiwa kila mtu hulipa mara moja kwa mwezi kiasi kilekile, jambo ambalo halijawahi kutokea katika chama chochote. Mtu analipa nusu leo na nusu wiki ijayo, mwingine analipa miezi mitatu kwa mpigo, na visanduku vinaanza kufutwa na kuandikwa upya. Mpango bora ni majedwali mawili. La kwanza ni la wanachama: nambari, jina, tarehe ya kujiunga, hali. La pili ni la malipo, na kila malipo ni mstari mpya: tarehe, nambari ya mwanachama, kiasi, nambari ya muamala wa M-Pesa. Mstari wa malipo ukishaandikwa haubadilishwi. Ikigundulika kosa, unaongezwa mstari mwingine wa kurekebisha wenye maelezo. Mweka hazina anayefanya hivyo hana haja ya kujitetea, kwa kuwa kila shilingi ina mahali ilipoingilia.

Kupanga mistari bila kuichanganya

Hapa ndipo orodha nyingi huharibika, na huharibika kimya.

Tuseme orodha ina mistari mitatu. Mwanachama nambari 1 ana deni la Sh2,000, nambari 2 hana deni, nambari 3 ana deni la Sh500. Katibu anataka majina yafuate herufi. Anaichagua safu ya majina peke yake kwenye Sheets na kuamuru eneo alilolichagua lipangwe. Programu inatii: inapanga majina, na kila kitu kingine kinabaki kilipokuwa. Sasa majina yamehama lakini madeni hayakuhama. Asiyekuwa na deni amepata deni la mwenzake, na aliyekuwa nalo amesamehewa bila yeyote kukusudia. Jedwali linaonekana safi kuliko mwanzo, na ndiyo maana huchukua wiki kabla ya mtu kugundua.

Njia salama ni kuamuru laha nzima ipangwe kwa kufuata safu hiyo, ambapo kila mstari husogea pamoja na habari zake zote. Kabla ya hapo, gandisha mstari wa vichwa, yaani ule wenye maneno "Nambari", "Jina" na "Simu", ili ubaki juu. Usipougandisha utapangwa nao, na neno "Jina" litatokea kati ya watu wa herufi J. Kwenye Docs hatari ni ndogo, kwa kuwa amri ya kupanga jedwali husogeza mistari mizima, lakini kichwa nacho kibandikwe juu kwanza.

Vitu viwili huvuruga upangaji. Kimoja ni visanduku vilivyounganishwa, kwa mfano jina la kijiji lililotandazwa kando ya mistari kumi. Badala yake andika jina la kijiji kwenye kila mstari. Kingine ni mistari mitupu iliyoachwa katikati kwa ajili ya urembo, ambayo huifanya programu ione kana kwamba jedwali limeishia hapo.

Anayetaka tu kuangalia, kwa mfano kuwaona wenye madeni peke yao, hana haja ya kupanga chochote. Sheets ina mwonekano wa kichujio unaomwezesha mtu kuchuja kwenye skrini yake bila kuwabadilishia wengine. Kichujio cha kawaida ni tofauti: kikiwekwa, wote wanaona orodha imepungua, na kuna wanaodhani majina yamefutwa.

Kufuta mstari, na kuurudisha

Kanuni fupi ni kwamba mstari wa mtu haufutwi. Aliyehama, aliyejitoa na aliyefariki wabaki kwenye jedwali, na safu ya hali iandikwe hivyo pamoja na tarehe. Hili si ukaidi wa makarani. Mwanachama akifariki, familia yake huja kuuliza hisa au akiba zake, na wakati mwingine huja baada ya miaka. Mstari ukiwapo, swali hujibiwa kwa dakika moja. Ukiwa umefutwa, kinachobaki ni kumbukumbu ya mwenyekiti dhidi ya kumbukumbu ya mjane.

Pamoja na tahadhari zote, kuna siku mistari itafutwa kwa bahati mbaya. Aliyefanya kosa akigundua papo hapo, abonyeze kitufe cha kutendua. Kitufe hicho hurudisha mabadiliko ya aliyekibonyeza mwenyewe, si ya wenzake. Siku zikipita, kuna historia ya matoleo, inayopatikana kupitia menyu ya faili kwenye tarakilishi. Humo kila toleo la hati limewekwa kwa tarehe na saa, na kila mhariri ana rangi yake. Kwenye Sheets unaweza pia kukibonyeza kisanduku kimoja na kuomba historia yake: nani alibadilisha, kutoka nini hadi nini.

Hapo watu hukimbilia kurudisha toleo zima la zamani. Si busara, maana hati yote itarudi ilivyokuwa siku hiyo na kazi iliyofanywa baadaye haitaonekana tena kwenye jedwali. Ni afadhali kulifungua toleo la zamani, kuunakili mstari uliopotea peke yake, kisha kurudi kwenye hati ya leo na kuubandika. Inafaa pia kulipa toleo jina baada ya kila mkutano mkuu, mathalani "Orodha iliyopitishwa na mkutano". Ukizuka ubishi baadaye kuhusu nani alikuwa mwanachama siku ya kura, hakuna haja ya kupekua matoleo mia.

Nani aandike, nani asome

Hati ya pamoja ina ngazi tatu za ruhusa: kusoma tu, kutoa maoni, na kuhariri. Kosa la kawaida ni kuchagua kwamba yeyote mwenye kiungo anaweza kuhariri, kisha kukituma kiungo kwenye kundi la WhatsApp la watu mia mbili. Mtoto anayechezea simu ya mamake jioni anaweza kufuta mistari ishirini bila kujua. Watu watatu wenye ruhusa ya kuhariri, kwa kawaida katibu, naibu wake na mweka hazina, wanatosha kwa kikundi cha kawaida. Wanachama wengine wapewe ruhusa ya kutoa maoni: mtu akiona jina lake limekosewa anaandika maoni kando ya kisanduku, katibu anasahihisha, na maoni yanabaki kuwa ushahidi kwamba alilalamika na alijibiwa. Kwenye Sheets, safu ambazo hazipaswi kuguswa zinaweza kufungwa kwa baadhi ya wahariri.

Kuna la kisheria hapa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu kuwa data ya kibinafsi. Inataka habari zikusanywe kwa sababu iliyo wazi, zisizidi zinazohitajika, ziwe sahihi na zilindwe. Orodha ya basari yenye vitambulisho vya wazazi, simu zao na majina ya watoto walio chini ya umri wa miaka 18 haifai kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, hata nia ikiwa ni uwazi. Uwazi unaweza kupatikana kwa jedwali la pili, lenye nambari ya ombi na matokeo yake tu, ambalo kila mtu anaweza kulisoma. Jedwali kamili libaki kwa wanaohusika.

Mtandao ukikatika

Ufuo wakati wa kupakua samaki si mahali pa simu: mikono imelowa, jua linaifunika skrini, na watu wana haraka. Daftari la karatasi lina nafasi yake pale na halina sababu ya kuachwa. Mwandishi aandike kwa kalamu asubuhi, ahamishie kwenye jedwali jioni, na daftari litunzwe kwa kulinganisha. Wanaopendelea simu wanaweza kuiweka hati ipatikane nje ya mtandao kabla ya kuondoka nyumbani. Watakachoandika kitahifadhiwa kwenye simu na kupanda mtandao utakaporudi.

Kwa orodha itakayobandikwa ukutani, Docs ina mipangilio miwili yenye manufaa. Mmoja ni kubandika mstari wa vichwa, ambao hurudiwa juu ya kila ukurasa, ili anayesoma ukurasa wa tatu ajue safu ni za nini. Mwingine ni kuuzuia mstari usikatike kati ya kurasa mbili, jina likabaki chini ya ukurasa mmoja na kiasi juu ya mwingine. Chini ya karatasi iandikwe tarehe na saa ya kuchapisha, kwa kuwa hati ya mtandaoni itaendelea kubadilika na karatasi haitabadilika.

Hati ni ya nani?

Hati ni mali ya akaunti iliyoitengeneza. Katibu akitumia akaunti yake binafsi, kisha akashindwa uchaguzi au akahamia Mombasa, kikundi kinabaki kinamtegemea. Google pia ina utaratibu wa kuzifuta akaunti za kibinafsi zisizotumiwa kwa miaka miwili, pamoja na hati zilizomo. Kwa hiyo kikundi kifungue akaunti yake chenyewe, nywila ijulikane na viongozi wawili, na ibadilishwe viongozi wanapobadilika. Hati iliyo tayari kwenye akaunti ya mtu inaweza kuhamishwa umiliki: anayeimiliki anamteua mwingine kwenye ukurasa wa kushiriki, na aliyeteuliwa anakubali. Fanyeni hivyo siku ya kukabidhiana afisi, pamoja na muhuri na vitabu.

Kukagua mstari wako

Asiye kiongozi ana haki pia. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au zenye kupotosha zinazomwathiri. Sheria ya Ulinzi wa Data nayo inampa haki ya kuona habari zake na kuomba zirekebishwe, iwe zimeshikwa na afisi ya umma, shirika au kikundi. Kwa kikundi cha mtaani, anza na katibu, taja nambari yako ya mwanachama, omba kuonyeshwa mstari wako na uusome kisanduku kwa kisanduku: tahajia ya jina kama ilivyo kwenye kitambulisho, tarakimu za simu, hali ya uanachama, na kiasi cha mwisho ulicholipa ukilinganisha na ujumbe wa M-Pesa ulio kwenye simu yako. Kwa orodha za serikali ya kaunti, ulizia kwenye afisi ya msimamizi wa wadi ukiwa na kitambulisho na nakala ya fomu uliyojaza. Malalamishi ambayo hayakupata jibu kuhusu matumizi ya data ya kibinafsi hupelekwa kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.